Tope haliketi kwenye tangi la kutulizia, nianzie wapi?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, naombeni msaada. Mtambo wetu wa maji taka unatumia tope hai, yaani tope la bakteria wanaokula uchafu, na sasa haliketi kabisa. Kwenye silinda ya lita 1, baada ya dakika 30 bado liko mililita 850. Tangi la hewa lina tope miligramu 2,800 kwa lita. Maji ya juu ni meupe safi, ila saa za maji mengi tope linamwagika ukingoni. Msimamizi anataka tulitoe kwa wingi tumalize kesi.

Fundi_Tope: Mkuu, msitoe kwanza. Mililita 850 gawa kwa gramu 2.8 unapata kama mililita 304 kwa kila gramu ya tope, na ikivuka 150 ni dalili mbaya. Ila tope lililosongamana nalo huchelewa kuketi. Changanya nusu tope, nusu maji yaliyokwisha kutulia, upime upya. Likianguka chini ya mililita 200 kwenye silinda ni msongamano, toeni. Likibaki karibu na 400, mna bakteria wa nyuzi, wale wanaokua kama nyuzi na kuzuia tope kuketi.

Mzee_wa_Pampu: Letu liliketi vizuri, kisha likaibuka vipande vipande na mapovu. Hiyo ni nitrojeni, tope limekaa chini mno. Lako linaibuka?

Zamu_ya_Usiku: Haliibuki, mzee. Nimechanganya, nimepata 410. Oksijeni mwanzo wa tangi la hewa ni miligramu 0.5 kwa lita, mwisho 2.3.

Fundi_Tope: Hapo kwenye 0.5 ndipo penye ugonjwa. Chakula kinaingia kingi, hewa haba, nyuzi zinashinda kwa sababu zinajitokeza nje ya mabonge ya tope na kudaka oksijeni kabla ya wenzao. Mkitoa tope ovyo, waliobaki watapata chakula kingi zaidi kila mmoja, na njaa ya hewa itazidi. Pelekeni hewa mwanzoni hadi ifike 2, na mtazame tope kwa hadubini. Maji yanayoingia yakinuka yai viza, hiyo nayo inalea nyuzi.

Zamu_ya_Usiku: Na klorini ya kuua nyuzi?

Mzee_wa_Pampu: Ya dharura tu, kwenye bomba la tope linalorudi tangi la hewa. Anza na kilo 2 kwa siku kwa kila kilo 1,000 za tope lililomo. Maji yakianza kuwa na ukungu, punguza.

Zamu_ya_Usiku: Nafuu tuitarajie lini?

Fundi_Tope: Umri wa tope, yaani siku linazokaa mtamboni, mara 2 au 3. Kama lenu ni la siku 8, hesabu wiki 2 hadi 3 na ushee.