Mjadala: Babu aliyekufa kabla Injili haijafika kijijini, uzima wa milele ataupata wapi?

Mbukwenyi ndugu zangu. Naleta mada iliyonikaa moyoni tangu Agosti. Naomba tuijadili kwa heshima, maana inagusa makaburi ya watu.

Baada ya mavuno ukoo wetu ulikutana nyumbani, upande wa Chamwino, kujengea makaburi. Tulichanga saruji, tukaita fundi, tukachinja mbuzi wawili. Makaburi yako matano. Manne ni ya watu waliobatizwa. La tano liko pembeni, chini ya mbuyu, ni la baba yake babu, na mpaka siku ile lilikuwa rundo la mawe tu, na juu yake chungu kilichopasuka mdomo. Mzee huyu alikufa kabla ya Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 iliyofagia Ugogo, nchi yetu Wagogo huku Dodoma. Kijijini kwetu hapakuwa na kanisa wala mhubiri. Jina la Yesu hakuwahi kulisikia.

Mwinjilisti tuliyemwalika akaomba kwenye kaburi la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Alipokaribia la tano akafunga Biblia, akaibana kifuani, akazunguka mbuyu kwa upande wa pili. Shangazi yangu, mwenye miaka themanini na kitu, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akauliza: "Na huyu, mwanangu?" Yule mwinjilisti akamjibu kwa upole, na sikuona kiburi kwake: "Mama, huyu hatuna neno juu yake. Hakumwamini Bwana."

Shangazi hakujibu. Aliinama akaanza kung'oa majani yaliyoota katikati ya mawe, moja moja, mpaka tulipoitwa kula.

Sasa msimamo wangu, ili nisieleweke vibaya. Ninaamini Yesu ndiye chanzo cha uzima wa milele, na hakuna kingine. Yohana 14:6, pale Yesu anaposema yeye ndiye njia, na kweli, na uzima, siipunguzi hata nukta. Ninachokibishia ni kwamba chanzo cha kitu na kukifahamu chanzo hicho ni mambo mawili. Kiangazi, kwetu maji tunayachimba kwenye mchanga wa korongo. Unafukua mpaka mkono unazama begani, kisha yanaanza kuchuja polepole na unateka kwa kata. Yale maji ni mvua iliyonyesha vilimani miezi mingi nyuma. Anayeteka pengine hajui ilinyesha kilima gani, lakini bila mvua hiyo pasingekuwa na tone.

Ibrahimu naye hakulijua jina la Yesu wa Nazareti, wala Rahabu, wala Ayubu. Hata hivyo hakuna mhubiri anayewapita hao akizunguka mbuyu. Tunafundishwa, na ni sawa, kwamba msalaba uliwafikia hata waliotangulia. Warumi 3:25 inataja dhambi zilizotangulia kufanywa, ambazo Mungu alizistahimili. Kama kazi ya msalaba ilirudi nyuma karne nyingi mpaka kwa Ibrahimu, kitu gani kinaizuia isifike kwa mtu wa Ugogo?

Na tuangalie Injili ilifikaje huku. Mwaka 1875 msafiri Mwingereza Stanley aliandika barua kutoka kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, akiomba wamisionari waende Uganda. CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana cha Uingereza, wakatuma watu 1876. Hao walikuwa wakienda Uganda; Mpwapwa ilikuwa kituo cha njiani, na ilichukua miaka miwili zaidi kituo hicho kisimame imara. Kutoka hapo mpaka vijiji vya ndani ikapita miaka mingine mingi. Siamini kwamba Mungu aliuweka uzima wa mzee wangu mikononi mwa ratiba ya meli na misafara ya wapagazi.

Jambo la mwisho. Wamisionari hawakutuletea jina la Mungu, walilikuta. Biblia ya Chigogo inasema Mulungu, jina lilelile ambalo mzee yule alilitaja alipoomba mvua. Jina la Yesu ndilo lililokuwa geni. Kwa hiyo swali langu ni hili: aliyemwita Mulungu kwa moyo wake wote, wala hakupewa nafasi ya kumsikia Mwana, tunaruhusiwa kumtumainia uzima wa milele au haturuhusiwi? Karibuni.

Mwinjilisti mstaafu, Kongwa

Ndugu yangu, pole kwa lililompata shangazi yako. Mwinjilisti angeweza kusimama pale na kuwaombea nyinyi mliobaki. Hilo nakupa.

Lakini hoja yako ina tundu, nalo linaitwa Kornelio. Soma Matendo 10. Mtu yule alimcha Mungu, alisali daima, alitoa sadaka, na malaika akamwambia sala zake zimefika juu. Kwa hesabu yako alikuwa ameshateka maji. Mbona basi Mungu akamhangaisha Petro kusafiri kutoka Yafa hadi Kaisaria? Sura ya 11 mstari wa 14 unajibu: Petro atamwambia maneno ambayo kwayo ataokolewa, yeye na nyumba yake. Sala zilizofika juu hazikutosha. Kornelio alihitaji kusikia. Paulo anauliza swali hilohilo katika Warumi 10:14, wamwaminije yeye wasiyemsikia?

Ibrahimu usimweke kundi moja na babu yako. Ibrahimu alisemeshwa na Mungu, akapewa ahadi, akaiamini ahadi. Imani yake ilikuwa na neno la kushika. Mzee wako alishika neno gani?

Halafu kuna hatari ambayo sisi tuliozika watu miaka mingi tunaijua. Mhubiri akianza kugawa mbingu makaburini kwa huruma, mwezi ujao ataitwa kuzika mtu aliyeisikia Injili miaka sitini akaicheka, na familia itadai ugawaji uleule. Askofu Hannington wa Kianglikana aliuawa Busoga, Uganda, 1885 akiwa katika kazi hii ya umisionari. Wenzake kadhaa walizikwa katika nchi hii wakiwa vijana, wengi kwa homa. Kama watu wanaupata uzima bila kusikia, wale walikufa kwa ajili ya nini?

Sisemi babu yako yuko motoni. Nasema sina neno, kama alivyosema mwenzangu. Kunyamaza pale ambapo hukupewa neno nako ni uaminifu.

Mchangiaji wa Kondoa

Amani iwe kwenu. Mimi ni Muislamu, Mrangi, na nimesoma kwa makini kwa sababu swali hili ni letu pia. Babu zetu nao walikuwepo kabla Uislamu haujafika milimani kwetu.

Niseme wazi tunapoachana. Kwetu Nabii Isa, amani iwe juu yake, ni mtume mtukufu, lakini uzima wa milele unatoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Ila juu ya wasiofikiwa na ujumbe, Qur'ani sura ya 17 aya ya 15 inasema Mungu haadhibu mpaka apeleke mtume. Wanazuoni wetu wanawaita watu wa fatra, na wapo wanaosema kwamba watajaribiwa Siku ya Kiyama. Kwa hiyo simshangai mleta mada.

Swali langu kwake ni moja. Ukisema mzee ataokolewa na Yesu bila kumjua, hujambatiza baada ya kufa bila ridhaa yake? Alimwomba Mulungu. Kwa nini usimwache kwa Mulungu aliyemwomba?

Mkatoliki, Bihawana

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilijibu hili mwaka 1964 katika hati juu ya Kanisa, namba 16: wasioijua Injili ya Kristo bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda mapenzi yake wakiongozwa na dhamiri, wanaweza kuupata wokovu wa milele. Hati inasema wanaweza, haisemi wameshaupata. Na namba hiyohiyo inamalizia kwa kulihimiza Kanisa liendelee na umisionari, kwa hiyo wale waliozikwa njiani hawakufa bure.

Msisahau pia kwamba katika Imani ya Mitume tunakiri Kristo alishuka mahali pa wafu. Na padri wetu Mtanzania, Charles Nyamiti, alifundisha kwamba tumwone Kristo kama Mhenga wetu. Wazo hilo linatusaidia sana kwenye makaburi kama yale matano: anayekuja kati yao siye mgeni aliyechelewa, ni mkubwa wa ukoo.

Mama wa Hombolo

Bwana Yesu asifiwe. Mimi nalima zabibu, sina elimu ya theolojia. Nimeokoka, na baba yangu alifariki hajaokoka, tena yeye aliisikia Injili kwa masikio yake. Kwa hiyo haya mambo nayasoma huku moyo unauma.

Yohana 5:24 unasema aaminiye yuna uzima wa milele, amekwisha kupita kutoka mautini. Yuna, sasa hivi. Sisi kwa Kiswahili tunasalimiana "u mzima?" na mtu anajibu kwa habari ya leo. Mimi uzima huo niliupata nikiwa na mimba ya tatu, mume amenikimbia, na nikaacha kulala nikilia. Haukungoja nife. Kwa hiyo naona mnauliza nusu ya swali. Hata kama Mungu kwa rehema zake atampokea mzee yule mwisho, aliishi miaka yake yote bila kuambiwa kwamba amependwa. Hilo ni pengo la kweli, na ndilo linalonifanya nihubiri.

Mleta mada, nakuomba kitu. Umeeleza mwinjilisti alivyokosea. Ulitaka aseme nini pale? Tuandikie maneno yenyewe.

Mleta mada

Nimewasoma wote mara mbili. Naanza na mzee wa Kongwa, kwa kuwa ndiye aliyenikamata pabaya.

Kornelio ni hoja nzito na sitajifanya nimeishinda. Ila naiona hivi: Mungu alikuwa na Petro wa kutuma, umbali wa safari ya siku moja na zaidi, naye akamtuma. Simulizi ile inanionyesha Mungu asiyemwacha anayemtafuta. Kwa mzee wangu hakutuma mtu, na sijui kwa nini. Kutoka hapo nyinyi mnafika kwenye ukimya, mimi nafika kwenye tumaini la Mwanzo 18:25, pale Ibrahimu alipouliza kama Mhukumu wa ulimwengu wote asingetenda haki. Tunaachana, lakini si mbali kama nilivyodhani. Na juu ya aliyeisikia akaicheka, nakubaliana nawe kabisa. Tumaini langu silipeleki huko.

Ndugu wa Kondoa, swali lako limenizuia kulala. Kwa imani yangu siwezi kumtenga Mulungu na Yesu, kwa hiyo nikimwacha kwa Mulungu nimemwacha mikononi mwa Yesu. Lakini una haki juu ya ridhaa. Fundi alikuja na misalaba mitano ya zege. Tulizungumza, tukaurudisha mmoja. Hakuuchagua, basi sisi hatutamchagulia.

Mama wa Hombolo, dada yangu, umenisahihisha. Nilikuwa nauliza habari za mzee baada ya kufa tu, na sikuwahi kuwaza alikosa nini akiwa hai. Pole sana kwa baba. Siwezi kukupa neno ambalo sina, ila namtaja katika sala zangu tangu nilipokusoma.

Na maneno uliyoyaomba ni haya. Ningetaka mwinjilisti asimame pale chini ya mbuyu aseme: "Bwana Yesu, huyu hatukuwahi kumletea habari zako. Wewe unamjua, nasi tunakujua wewe. Tunamwacha kwako." Basi. Yasingezidi hapo, na nadhani hata mzee wa Kongwa angeitikia amina.

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani nikamsomea shangazi hayo maneno kwenye simu. Akaniambia nirudie. Kisha akaniuliza kama fundi amekwisha kusakafia kaburi la tano. Nikamwambia saruji bado mbichi. Akaingia ndani, akatoka na kile chungu kilichopasuka mdomo, alikuwa amekiosha, akanipa nikakipachike juu kabla haijakauka.