Mjadala: Je, sintesaiza na mashine mpya za ngoma zina ubunifu wa kweli?

Mtoa hoja, Langoni, Lamu

Waungwana, assalamu alaikum. Kila mwaka watengenezaji hutangaza sintesaiza (ala za umeme zinazounda sauti zenyewe) na mashine za ngoma wanazoziita za kimapinduzi, na vijana wetu wanaopiga kinanda katika harusi huziona kwenye simu na kuanza kuweka akiba. Hoja yangu ni kwamba nyingi kati ya ala hizo hazina jipya, na kwamba hicho kidogo kilicho kipya hakipatikani pale matangazo yanapotuelekeza.

Sintesaiza ya Minimoog Model D ilitoka mwaka 1970. Kampuni ya Moog yenyewe iliirudisha sokoni mwaka 2016 na tena mwaka 2022, na kampuni ya Behringer nayo ikauza nakala yake kwa bei nafuu. Kampuni ya Korg iliunda sintesaiza ya MS-20 mwaka 1978, kisha ikaitoa upya kwa umbo dogo mwaka 2013. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, ambayo ilitengenezwa kati ya 1980 na 1983 tu, imerejea kwa jina la TR-08. Ala hizi ni nzuri wala sizibezi, lakini mtu akiniuzia mlio uliobuniwa kabla wanunuzi wake wengi hawajazaliwa, kisha akauita uvumbuzi, nina haki ya kumuuliza amevumbua nini.

Mwaka 1980 Roger Linn alitoa LM-1, mashine iliyopiga sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. Mwaka 1983 Yamaha ilileta sintesaiza ya DX7, iliyotumia njia ya FM (kuunda mlio kwa kuifanya sauti moja iitikise nyingine) ambayo John Chowning aliigundua katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, na mwaka huohuo wa 1983 mfumo wa MIDI ukaziwezesha ala za kampuni mbalimbali kufanya kazi pamoja. Hapo palikuwa na milio isiyokuwepo, ikawepo.

Sisi watu wa tarabu tuna kipimo kingine. Katika maqam (ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu) ya Rast, sauti ya tatu husimama kati ya kitufe cheusi na cheupe cha kinanda. Mpiga udi huipata kwa kidole, kwa kuwa shingo ya udi haina vigawanyo, na aliyewahi kumsikiliza marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa Lamu, anajua sauti hiyo inavyobeba wimbo mzima. Mpiga kinanda ama huikwepa ama huiharibu. Yamaha na Korg wana vinanda vilivyoundwa kwa ajili ya soko la Kiarabu, ambavyo huweza kuishusha sauti hiyo, lakini wajuzi wa sintesaiza huviona kuwa vyombo vya harusi tu visivyostahili kujadiliwa. Dharau hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyowaziba macho.

Mchangiaji, Malindi

Maalim, nimekusoma kwa makini, lakini umeupima mlio ukausahau mkono. Sintesaiza ya Osmose ya kampuni ya Expressive E ina vitufe ambavyo, baada ya kubonyezwa, huendelea kuitika kidole: ukikandamiza zaidi mlio hubadilika, ukikitikisa kitufe kando sauti hupanda na kushuka, na kila kidole hujitegemea. Mpigaji anaweza kuitelezesha sauti moja hadi ilipo Rast huku nyingine zikibaki mahali pake. Vilevile, sintesaiza ya Korg Monologue ya mwaka 2017 humruhusu mwenye nayo kujipangia ngazi za sauti, jambo ambalo mwanamuziki Aphex Twin alisaidia kulileta.

Kuhusu ngoma, mtazame mpiga ngoma ya chapuo katika chakacha: kiganja kikibana ngozi, pigo linalofuata hupanda kidogo. TR-808 haiwezi kufanya hivyo pigo kwa pigo. Mashine za kampuni ya Elektron, kuanzia Machinedrum ya mwaka 2001, huruhusu kila pigo katika mzunguko kuwa na kimo chake, urefu wake na ukali wake.

Tena kuna suala la mfuko. LM-1 iliuzwa karibu dola 5,000, ilhali mashine ya ngoma ya Korg, Volca Beats ya mwaka 2013, ni ndogo, huendeshwa kwa betri sita, na bei yake haikaribiani kabisa na hiyo. Kijana wa Maweni akiipata, je, kwake si jambo jipya?

Mchangiaji wa pili, Mkomani, Lamu

Kwa ufupi: yote mliyoyataja hufanyika ndani ya kompyuta kwa programu. Mbona tubebe masanduku?

Mtoa hoja

Ndugu yangu wa Mkomani, hoja ya kompyuta ni sahihi kuhusu milio na inakosea kuhusu vidole, kwani kipanya hakikandamizwi kwa viwango kumi vya huzuni. Hapo ndipo ninapokubaliana nawe, mwenzetu wa Malindi: Osmose nakupa, kwa sababu kilichobadilika ni uhusiano wa mkono na sauti. Machinedrum nayo nakupa, ingawa ona kwamba umelazimika kurudi mwaka 2001 ili kuipata.

Mengine siyapokei. Yamaha DX7II ya miaka ya 1980 tayari iliruhusu mpigaji kubadilisha ngazi za sauti, kwa hiyo Monologue imefufua kilichoachwa. Unafuu wa bei ni neema, nami nafurahi kijana wa Maweni akiwa na ala yake mkononi, lakini mlio uliomfikia ni uleule. Kilichovumbuliwa ni njia ya kuutengeneza kwa gharama ndogo, na sifa hiyo ni ya kiwanda.

Ninalolitaka kutoka kwa watakaoendelea kuchangia ni hili: mtu ataje mashine ya ngoma ya miaka kumi hii ambayo, ikitolewa tu kwenye boksi, inampangia mpigaji ngoma za msondo, vumi na chapuo katika mapigo sita ya chakacha bila yeye kwanza kuibomoa gridi ya hatua kumi na sita, yaani mpangilio wa kawaida wa mashine hizo unaougawa mzunguko katika hatua kumi na sita zilizo sawa. Ninajua kwamba mapigo ya TR-808 yenyewe yanaweza kugawanywa kwa tatu, kwa hiyo sitapokea jibu la kwamba inawezekana. Nauliza ni nani aliyeianzisha mashine yake kutoka kwenye mapigo hayo sita.