Ratiba ya ukumbi wetu ya Oktoba hadi Desemba imepangwa bila kuwauliza watakaopanda jukwaani

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimeisoma ratiba iliyobandikwa juzi kwenye mlango wa ukumbi wa maonyesho wa mji wetu, huku upande wa Sengerema, nikairudia nikidhani nimekosea kusoma miezi, na sasa naandika nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha.

Mashindano ya ngoma yamewekwa katikati ya Novemba. Yeyote aliyekulia Usukumani anajua kwamba ngoma zetu hushindanishwa baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, chakula kikiwa kimeshaingia ghalani na watu wana nafasi ya kutembeleana. Novemba mvua zimeshaanza, na wachezaji wa bugobogobo ambao ukumbi unataka warushe majembe jukwaani wanayahitaji majembe hayo shambani. Ngoma hiyo imetokana na kulima kwa pamoja, watu wakifuata mdundo ili kazi isiwachoshe. Kumwita mkulima aache shamba msimu wa kupanda ili aje kuigiza kulima ni kumdharau.

Na kasoro si mwezi peke yake. Imeandikwa kwamba kila kikundi kitapewa dakika 15, kimoja baada ya kingine, mbele ya majaji watatu. Bagika na Bagalu, makundi mawili makuu ya ngoma za Wasukuma yaliyo mahasimu, hawashindani namna hiyo. Pande mbili hucheza uwanjani kwa wakati mmoja, kila upande ukipigania kuwavuta watazamaji waliosimama kati, na mshindi ni yule ambaye umati umemwendea. Ndiyo maana manju, yaani kiongozi wa ngoma, ambaye kwa Kisukuma tunamwita ningi, hukesha akitunga nyimbo mpya na kutafuta dawa ya mvuto, na ndiyo maana wachezaji wake hubuni kila mwaka jambo ambalo wapinzani hawakulitarajia. Ukiwaketisha watu kwenye viti vilivyopangwa safu, ukawazuia wasihame, hakuna tena mashindano. Kilichobaki ni zamu za kupanda jukwaani. Waandaaji wangeweza kwenda kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, upande wa Mwanza, wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo mwezi Juni, wakajionea. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, linalotuunganisha na upande huo, lifunguliwe Juni 2025 hakuna hata kisingizio cha foleni ya kivuko.

Maigizo ya wanafunzi wa sekondari nayo yamepangwa mwezi huohuo wa Novemba, ambao kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa. Binti yangu yumo katika kikundi cha shule yake, na wamefanya mazoezi tangu Julai, jioni kwa jioni, chini ya mwembe kwa kuwa ukumbi uliwatoza fedha za mazoezi wasizokuwa nazo. Waigizaji wakuu wawili ni wa kidato cha nne. Kama kuna mtu aliyepiga simu shuleni kabla ya kuandika tarehe hiyo, mwalimu wao hamjui, maana nilimuuliza mwenyewe.

Kuna pia kikundi kinachotarajiwa kutoka Ukerewe, ambacho kimepangiwa kuanza saa tatu usiku. Hao watapanda meli kutoka Nansio hadi Mwanza, waje huku kwa gari na ngoma zao zote, na wakimaliza usiku wa manane hawana meli ya kuwarudisha. Watalala wapi? Ratiba haisemi, na nilipouliza dirishani nilijibiwa kuwa hilo ni jukumu lao.

Hata hizo tarehe mbaya hatuna uhakika nazo. Mwaka jana nilikata tiketi tano za familia yangu kwa onyesho la Jumamosi, tukavaa, tukafika, tukakuta mapambo ya sherehe ya kumuaga bibi harusi na mlinzi akituuliza kadi za mwaliko. Ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa aliyelipa zaidi. Tangazo halikutolewa, fedha zangu hazikurudishwa hadi leo, na wasanii walikuwa wamekaa nje juu ya ngoma zao wakisubiri maelezo. Sisemi ukumbi usikodishwe kwa sherehe, kwa kuwa najua umeme na usafi vinalipiwa, lakini siku iliyokwisha kuuziwa watu tiketi si siku ya kukodisha tena.

Nataka ratiba hii iondolewe mlangoni, waandaaji wakae na viongozi wa vikundi vya ngoma na walimu wa sanaa, mashindano yapelekwe uwanjani baada ya mavuno, na maigizo yasogezwe hadi mtihani utakapomalizika. Nimeandika barua na nitaifikisha kwenye ofisi yao Jumatatu asubuhi. Mwenye tiketi ya onyesho lile la mwaka jana ambaye hakurudishiwa fedha aseme hapa alikata ngapi, ili nizijumlishe kwenye barua kabla sijaifunga.