Tupeane uzoefu: nini kilimtoa mzee wako kwenye upweke?

Wakuu, na shikamooni mliotutangulia.

Mzee wangu ana miaka 74. Mama alipofariki akaanza kujifungia chumbani. Ukimsemesha anaitikia "ndiyo, ndiyo", kisha kimya. Tukasema ni msiba, tumwache. Tulimwacha karibu miaka miwili, na hilo najuta mpaka leo. Kumbe masikio yalikuwa yanafifia. Watu wakizungumza wengi kwa pamoja haambulii kitu, anaona aibu kuuliza mara ya tatu, anainuka na kuondoka. Tukamwita mkimya. Alipopimwa na kupewa kifaa cha kusaidia kusikia, wiki chache baadaye yeye ndiye aliyeanza kunipigia simu.

Watafiti wa Harvard wamefuatilia maisha ya watu tangu 1938. Waliokuwa wameridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80. Hiyo imenigusa, ndiyo maana nawauliza. Leteni yenu.

Jibu #1
Marahaba mwanangu. Mzee mwenyewe ndiye mimi, nina 71. Watoto wangu waliingiwa na hofu kwamba marafiki zangu wamepungua. Nimewapunguza mwenyewe! Muda uliobaki nautaka kwa watu wanne ninaowapenda. Kilichoniumiza ni kingine: wananiletea kila kitu, hakuna anayeniomba kitu. Siku mjukuu aliponiomba nimfundishe kushona, nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miezi.

Jibu #2
Hapo kwenye kupunguza marafiki mama amesema kweli. Profesa Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameliandikia sana: mtu akihisi muda umebaki mfupi, huchagua wale wenye maana kwake. Tusikimbilie kumtafutia mzee kundi la watu asiowajua.

Jibu #3
Kwetu tunaishi saba nyumba moja na mama bado alikuwa mpweke. Kila mtu yuko na simu yake. Sasa nakaa naye nusu saa kila jioni, simu naiacha chumbani. Mengine sina.

Jibu #4
Mimi bado nahangaika. Baba hataki kutembelewa, halali, chakula anakigusa tu. Tulidhani ni uzee. Daktari akasema ni sonona, ugonjwa unaotibika. Ameanza dawa na ushauri nasaha, huu mwezi wa pili. Jana aliuliza kama yule rafiki yake wa kazini bado yupo hai. Yupo. Jumamosi nampeleka kwake.