Mrejesho: "rice" kwa Kitagalog

Niliuliza neno moja la Kitagalog, lugha ya Ufilipino, la "rice" ya Kiingereza. Halipo, na Mswahili ana nafuu hapa: mpunga ni palay, mchele ni bigas, wali ni kanin. Dukani omba bigas, mezani kanin. Ukisema "kumain ako ng bigas", umetafuna mchele mbichi! Wali uliolala ni bahaw, yaani kiporo. Ukikaangwa kwa kitunguu saumu unakuwa sinangag. Ukoko nao una jina lake, tutong. Uji wa mchele ni lugaw. Wengi hukwama kwenye kitenzi: magluto ni kupika kwa jumla, ila kupika wali ni magsaing. Malagkit, mchele unaonata, ndio wa vitafunio kama suman.