Naomba ushauri: chakula baada ya sala za jumuiya kinawalemea wenyeji

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, mimi ni mwanajumuiya katika parokia moja wilayani Masasi, na naomba ushauri kuhusu chakula kinachoandaliwa baada ya sala za jumuiya, ambazo kila wiki hufanyika kwa zamu nyumbani kwa mmoja wetu. Zamani mwenyeji alitoa chai na mihogo ya kuchemsha, au njugu mawe zikiwa katika msimu wake, nasi tuliridhika; lakini siku hizi, hasa korosho zinapoanza kuuzwa na fedha kuonekana, pilau na kuku vimekuwa kama sharti, na mjane au mzee asiye na shamba anapoona zamu yake inakaribia huacha kuhudhuria kabisa. Jambo hili linaniumiza sana, kwa sababu jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizikazia mwaka 1976, zilikusudiwa kumfikia kwanza mtu wa namna hiyo, na Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorinto kwa karamu zilizowaaibisha wasio na kitu.

Wapo wanaopendekeza chakula kifutwe. Sikubaliani nao, maana tunapokula pamoja ndipo tunapojua nani anaumwa na nani hana mbegu. Mwenyekiti wetu naye anaogopa kuwavunja moyo wenye uwezo, ambao hutoa kwa upendo wa kweli.

Je, kwenu mmeweka utaratibu gani: kila mmoja kuleta kidogo, au kukubaliana chakula cha aina moja kwa nyumba zote? Na nani afaaye kulisema jambo hili, ili waliokwisha kutukarimu wasijione wamelaumiwa?