National Portrait Gallery ya London: nani hasa anapata nafasi ukutani?

Msomi_wa_Usiku:
Wakuu habari. Napitia mtandaoni picha za National Portrait Gallery ya London, lile jumba la picha za watu wa historia ya Uingereza, kuna kitu kinanisumbua. Zingine zimechorwa vizuri mpaka unatamani umsalimie mtu, lakini zingine jamani, sura bapa, mikono haieleweki, na zote zipo humo humo. Wanachagua kwa kigezo gani? Na wanaoenziwa ni wafalme na mabwana wakubwa tu?

Mzee_wa_Makumbusho:
Mkuu pale anaangaliwa aliyechorwa kwanza, mchoraji baadaye. Ndo msingi wao toka 1856, na picha ya kwanza kuingia ni ya Shakespeare ile wanaiita Chandos, mwenye hereni sikioni, na mpaka leo wataalamu hawana uhakika kamili kama ni yeye. Zamani aliye hai hawekwi kabisa isipokuwa mfalme au malkia na mwenzi wake, hiyo sheria ikaondolewa 1969.

Nahisi mojawapo uliyoiona ni ya kina dada wa Brontë, waandishi wale watatu wa riwaya wa Uingereza. Kaichora kaka yao Branwell akiwa bado kijana, ikaja kuonekana 1914 imekunjwa juu ya kabati, mistari ya mikunjo ipo hadi leo na katikati kuna kitu kama nguzo, hapo kaka alijichora halafu akajifuta. Ufundi wa kawaida tu, ila ndo picha pekee iliyobaki ya wote watatu pamoja, sasa utaiachaje?

binti_historia:
Wafalme wapo tele lakini sio wao tu. Mtafute Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaica aliyehudumia wanajeshi vita vya Crimea, Waingereza na wenzao dhidi ya Urusi, alichorwa 1869, picha ikapotea miaka na miaka kumbe imetumika kama ubao wa nyuma wa picha nyingine ndani ya fremu! Jumba likainunua 2008. Na Ayuba Suleiman Diallo wa Bundu, Senegal ya leo, alitekwa akauzwa utumwani Maryland, Marekani ya leo, 1733 akafika London na kuchorwa na William Hoare akiwa na kilemba na Kurani shingoni, kwa mavazi ya kwao kama alivyotaka mwenyewe. Iliwekwa pale kwa kuazimwa. Mimi ile naiheshimu kuliko wafalme wote.

Msomi_wa_Usiku:
Asante sana dada. Lakini si nasikia Diallo mwenyewe alitekwa akitoka kuuza watu?

Mzee_wa_Makumbusho:
Kweli kabisa na isifichwe. Waanzilishi waliandika wazi kwamba makosa ya mtu, hata makubwa yanayojulikana na kila mtu, hayatoshi kumnyima nafasi kama picha yake inaeleza historia ya nchi. Kwahiyo usiingie ukidhani waliopo ukutani ni watu wema. Mimi kinachoniuma ni wale wasio na picha kabisa, maana kuchorwa kulitaka hela au mtu mwenye hela akujali, Diallo alipata wafadhili, maelfu waliosafirishwa miaka ile ile hawakupata hata mstari mmoja wa penseli.